Pima Kwanza, Leti Baadaye

Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari Rally wakiwa na Datsun 240Z. Miaka miwili baadaye Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia, akashinda kwa gari la aina hiyohiyo, Lofty Drews akimsomea njia. Gari la 1971 limehifadhiwa na Nissan huko Zama, Japani. Mengine ya ukoo huo bado yanatimua vumbi: East African Safari Classic Rally, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza 2003, yamewahi kupita kaskazini mwa Tanzania zaidi ya mara moja.

Tuchukulie kwamba injini ya 240Z moja imeshushwa kwenye gereji ya Kimandolu, Arusha, kando ya barabara ya Moshi, mahali palipozoea Noah na Land Cruiser za watalii. Injini yenyewe, L24, haina maajabu. Ni silinda sita kwenye mstari mmoja, cc 2,393, kila silinda ikiwa na kipenyo cha milimita 83. Bloku ni ya chuma cha kusubu, hedi ni ya alumini, kamshafti ni moja nayo huzungushwa na cheni, na krenkishafti imelala kwenye beringi saba. Fundi aliyewahi kufungua Datsun 160J amekwishakutana na ndugu yake wa silinda nne.

Hatari ni mazoea. Injini ya Noah ikila oili, mara nyingi fundi huamua kabla ya kupima: bloku iende leti, ikapanuliwe, pistoni za oversaizi zinunuliwe mjini. Kwa gari ambalo spea zake zimejaa kila duka, hasara ni ndogo. Kwa injini ya miaka ya sabini, kila milimita inayochongwa ni akiba inayotumika mara moja tu. Kwa hiyo kazi kubwa ya kuifungua ni kuisoma.

Usomaji huanza kabla spana haijashika nati ya hedi. Filta ya oili ikatwe, karatasi yake ikunjuliwe juani, sumaku ipitishwe. Chembe zinazonasa zinatoka kwenye chuma: ringi, cheni, pengine kamshafti. Zinazong'aa na kubaki pale pale zinaelekea kuwa za metali, zile beringi nyembamba zinazokumbatia krenkishafti, ambazo uso wake hutengenezwa kwa madini laini makusudi ili mchanga uzame humo badala ya kuikwaruza krenki. Kisha hedi ifunguliwe injini ikiwa imepoa kabisa, boliti zikilegezwa kidogo kidogo kutoka ncha kuelekea katikati. Kila roka irudi kwenye kem yake, na kila kifuniko cha konrodi kwenye konrodi yake, kwa sababu vilichongwa tundu vikiwa vimefungwa pamoja. Fundi asiyeweka alama hapa ameharibu kipimo ambacho hakuna leti itakayokirudisha.

Sasa silinda. Ukipitisha ukucha ukutani, karibu na ukingo wa juu utakuta kidaraja. Juu yake ringi haifiki, kwa hiyo ukuta uko kama ulivyotoka kiwandani. Chini yake umeliwa. Kwa nini uliwe zaidi huko juu? Pistoni ikifika kileleni husimama kwa kitambo kidogo mno ili igeuke, na utando wa oili unaobeba ringi hutegemea mwendo: mwendo ukikoma, utando unakatika. Wakati huohuo joto la mlipuko limeifanya oili kuwa nyepesi, na gesi imepenya nyuma ya ringi ikiikandamiza ukutani. Mambo matatu mabaya hukutana mahali pamoja. Upande nao una habari yake. Konrodi ikiwa imeinama wakati wa kusukumwa, pistoni hulalia ukuta mmoja kuliko mwingine, na tundu lililokuwa duara huwa na umbo la yai. Ndiyo maana silinda hupimwa juu, kati na chini, na kila mahali kwa pande mbili.

Vumbi la hapa huongeza kasi ya hayo yote. Mlima Meru, wenye mita 4,562, ni volkano ambayo mlipuko wake wa mwisho unaojulikana ni wa 1910, na udongo wa miteremko yake umetokana na majivu na lava. Ndani yake mna madini ya jamii ya feldispa, magumu kuliko chuma cha silinda. Filta ya hewa iliyochanika kidogo tu inatosha. Vumbi linaloingia na hewa hula ringi na sehemu ya juu ya silinda. Lililoingia kwenye oili hula metali na krenki. Ukilinganisha sehemu hizo mbili, unajua lilipitia mlango gani.

Asiye na geji ya saa ya kupimia silinda asikate tamaa. Achukue ringi, aisukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa karibu na chini ya silinda, apime mwanya wa ncha zake kwa fila geji. Arudie juu, kidogo chini ya kile kidaraja. Tofauti ya mianya igawanywe kwa 3.14, na jibu ni tofauti ya kipenyo. Mwanya ukiwa milimita 0.30 chini na 0.77 juu, tofauti ni 0.47, silinda imepanuka juu kwa 0.15. Kwa pistoni ambayo nafasi yake kiwandani huhesabiwa kwa sehemu chache za mia za milimita, hiyo ni nyingi. Njia hii haikuonyeshi umbo la yai, lakini inakuzuia kubahatisha.

Hedi ina kesi nyingine. Alumini ya urefu wa mita moja ikipashwa joto kwa nyuzi 100 hurefuka takriban milimita 2.3, chuma cha kusubu hurefuka kama nusu ya hiyo. Injini ikichemka kupita kiasi, hedi iliyofungwa kwenye bloku hukosa pa kwenda, ikapinda. Nayo maji ya mabomba na visima vya kandokando ya Meru, maarufu kwa floraidi, mengi yana bikaboneti ya sodiamu. Yakichemshwa hupoteza kaboni dayoksaidi na kuzidi kuwa ya alkali, na alumini haipendi alkali: utando unaoikinga huyeyuka. Tafuta mashimo kwenye njia za maji, hasa pembeni mwa gasketi. Kumimina maji ya bomba kwenye rejeta ya gari kama hili ni uvivu wa gharama kubwa.

Wengi husawazisha uso wa chini wa hedi na kuridhika. Kwenye L24 kuna mtego. Kamshafti inashikwa na minara iliyofungwa juu ya hedi, na hedi ikipinda, minara nayo hupinda. Chini pakinyooka huku juu pakibaki na mbonyeo, kamshafti hubana. Kipimo chake ni cha mkono: bila roka, inapaswa kuzunguka kwa vidole. Tena kila kinachokatwa chini huishusha kamshafti karibu na krenki, cheni ikalegea na taimingi ikachelewa, isipokuwa shimu ziwekwe chini ya minara.

Ikibidi kuchonga silinda, pistoni zinunuliwe kwanza, zipimwe moja moja kwa maikromita, ndipo tundu lichongwe kuzifuata hizo, si kufuata namba ya kwenye boksi. Oversaizi ya nusu milimita huongeza kama cc 29 tu, kwa hiyo asitokee wa kukuuzia nguvu. Na silinda moja ikiwa na mkwaruzo mrefu huku tano zikiwa nzima, hakuna sababu ya kuzipanua zote sita. Fundi wa leti anaweza kuitia slivu hiyo moja, akairudisha kwenye milimita 83.