Bekapu Inayokesha Ikiuliza Maswali

Mafaili yaliyobadilika tangu jana hayazidi mia mbili, lakini bekapu iliyoanza saa nne usiku bado inahangaika wafanyakazi wakiwasha kompyuta asubuhi. Lawama huangukia waya au diski. Mara nyingi husingiziwa tu.

Kinachokula muda ni ukaguzi. Programu hupitia faili moja baada ya jingine, ikiuliza ukubwa wake na lini lilirekebishwa. Folda ikiwa kwenye seva, kila swali husafiri mtandaoni na jibu lake hurudi. Safari hiyo ikichukua milisekunde 1, mafaili milioni 1 yatadai sekunde 1,000, karibu dakika 17, kabla ya kunakili chochote. Seva ikiwa katika mji mwingine na safari ikawa ya milisekunde 30, hesabu inapita saa 8! Kununua intaneti nene hakusaidii sana hapo: maswali ni madogo, kinachochelewesha ni kungoja jibu.

Rsync, programu ya kunakili mafaili iliyotolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras huko Australia, ilibuniwa kufanya kazi pande mbili. Upande wa seva hukagua mafaili palepale yalipo, kisha hutuma orodha. Lakini wengi huunganisha folda ya mtandao kama diski ya kawaida na kuielekeza rsync huko. Basi inadhani kila kitu kiko ndani, na inaacha hata ufundi wake wa kutuma vipande vilivyobadilika tu. Ukiongeza `--checksum` umejitakia: kila faili litasomwa lote kupitia waya.

Seva isiporuhusu programu za nje, uliza maswali mengi kwa pamoja. Rclone, programu nyingine ya kunakili, hukagua mafaili 8 kwa mpigo, na `--checkers` huongeza idadi hiyo. Watumiaji wa programu ya bekapu ya Borg nao waangalie namba za inodi, yaani namba za kutambulisha kila faili, ambazo kwenye folda za mtandao zinaweza kubadilika zenyewe, programu ikaona mafaili ya zamani kuwa mapya. Dawa yake ni `--files-cache=mtime,size`.

Kabla ya kununua diski mpya, endesha rsync kwa `-n`, isinakili chochote, ukiwa na saa mkononi. Karibu muda wote utakaouona ni wa ukaguzi.