Cannavaro: Beki wa Unguja Aliyefika Vancouver

Kwa kijana wa Unguja anayetaka kuishi kwa mpira, safari huanzia gatini Malindi, kwenye boti ya Dar es Salaam. Nadir Haroub Ali alianza hivyo. Beki huyo alitoka klabu ya Malindi akaenda Yanga, ambako mashabiki walimwita "Cannavaro", jina la nahodha wa Italia aliyebeba Kombe la Dunia mwaka 2006.

Mwaka 2009 alivuka mbali zaidi. Vancouver Whitecaps ya Kanada, nchi inayoenzi mpira wa magongo wa barafuni kuliko soka, ilimchukua kwa mkopo. Nizar Khalfan naye alijiunga na klabu hiyo mwaka huohuo, akabaki hadi ilipoingia ligi ya MLS mwaka 2011. Nadir alirudi Jangwani, kwa Yanga, mapema, na huko ndiko alikojenga jina.

Anayetaka kumjua akumbuke Machi 1, 2014, Uwanja wa Taifa. Al Ahly ya Misri, mabingwa watetezi wa Afrika, walikuwa wamebana kila mlango. Dakika zinayoyoma, mpira wa kona ukaingia, Cannavaro akapanda juu ya mabeki wa Kiarabu na kuutia kichwa wavuni. Yanga 1, Al Ahly 0. Wiki moja baadaye, Alexandria, Waarabu nao walishinda 1-0, kisha wakapita kwa penalti. Hata hivyo, bao lile linastahili kusimuliwa kila panapotajwa soka la Zanzibar.

Nasema Zanzibar kwa makusudi. FIFA haiitambui kama nchi, kwa hiyo mchezaji wake huvaa jezi mbili: Zanzibar Heroes kwenye Kombe la Chalenji, Taifa Stars ya Tanzania kwenye mechi za dunia. Nadir alizitumikia zote kwa heshima, na Stars akaiongoza akiwa nahodha. Kitambaa kilipohamia kwa Mbwana Samatta mwaka 2016, alistaafu timu ya taifa. Kwangu mimi, mtu wa utumishi ule alistahili kuagwa vizuri zaidi.

Yanga walimuaga Agosti 2018 mjini Morogoro, wakampa umeneja wa timu. Mwaka uliofuata beki mwengine wa Unguja, Abdallah Shaibu "Ninja", aliyetokea Taifa ya Jang'ombe na kupitia Yanga, alikwenda Marekani kuichezea LA Galaxy II.