Kazi ya Mchezaji wa Tenisi: Habari za Angella Okutoyi wa Kenya

Katika kurasa za michezo tumezoea kusoma habari za mpira wa miguu na mpira wa pete, na nani aliifungia shule yetu mabao tulipokwenda Muleba. Leo naomba nafasi nieleze habari za tenisi, na hasa kazi ya msichana achezaye tenisi kwa kulipwa. Sisi wa kidato cha nne huulizwa kila mara na wazazi na walimu kwamba tutafanya kazi gani. Mwenzetu mmoja bwenini akijibu kuwa atakuwa mchezaji, wote huangua kicheko. Mimi nilitaka kujua kama kweli kuna jambo la kuchekwa, nikaanza kukusanya habari za Angella Okutoyi wa Kenya.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe, maana shuleni kwetu hakuna kiwanja chake na wengi wetu hatujapata kushika raketi. Kiwanja cha tenisi ni kifupi kuliko kile chetu cha mpira wa pete: urefu wake ni meta 23.77. Hukatwa na wavu ambao katikati yake una kimo cha sentimeta 91 tu. Kila upande husimama mtu mmoja, au wachezaji wawili wawili. Mpira ukija upande wako ni lazima uurudishe kabla haujadunda mara ya pili, nao uangukie ndani ya mistari ya mwenzako. Kuhesabu kwake kuna ajabu: pointi ya kwanza huitwa 15, ya pili 30, ya tatu 40, wala si 45. Pointi hufanya gemu, na gemu 6 hufanya seti, mradi umemzidi mwenzako kwa gemu 2. Mwanamke akichukua seti 2 ameshinda.

Basi, Angella Okutoyi alizaliwa Kenya mwezi Januari 2004, yeye na dada yake pacha. Mama yao alifariki katika uzazi huo. Watoto walilelewa na bibi yao, ambaye alikuwa mfanyakazi katika nyumba ya watawa huko Loresho, Nairobi. Hapakuwa na mali. Tenisi ni mchezo wa gharama: raketi hukatika nyuzi, mipira huisha nguvu, viatu huchakaa, na mwalimu hutaka ujira wake. Hata hivyo wasichana hao walianza kucheza wakiwa wadogo sana, wa umri wa miaka 4 hivi.

Mwaka wa 2022 ndipo jina lake liliposikika duniani. Mwezi Januari alikwenda Melbourne kwenye mashindano ya vijana ya Australia. Mashindano ya Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani ndiyo manne makubwa kabisa katika tenisi, na kila moja lina sehemu yake ya vijana. Huko Okutoyi alimshinda Federica Urgesi wa Italia, akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mchezo katika mashindano ya vijana ya ngazi hiyo. Kisha alimshinda Mwaustralia kwao kwenyewe kabla ya kutolewa.

Mwezi Julai mwaka huohuo alikuwa Wimbledon, Uingereza, akicheza wawili wawili pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Walifika fainali, wakakutana na Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Naomba msomaji alishike jina hilo la Mboko. Okutoyi na mwenziwe walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4. Katika mchezo wa namna hiyo hapachezwi seti ya tatu nzima. Hupiganiwa pointi 10, na mshindi ni lazima awe amemzidi mwenzake kwa pointi 2. Matokeo yalikuwa 11-9. Mtu aliyewahi kusimama mstarini Kaitaba wakati wa penalti ataelewa mioyo ilikuwa wapi. Hivyo Okutoyi akawa Mkenya wa kwanza kupata taji la Wimbledon, au la mojawapo ya yale manne makubwa, wa vijana au wa wakubwa, mwanamume au mwanamke.

Hapa wengi hudhani kazi imekwisha: amepata kikombe, sasa ni tajiri. Sivyo hata kidogo. Wachezaji wa vijana hawalipwi fedha za ushindi. Kikombe kile kilimpa sifa, lakini hakikumpa mshahara.

Neno hili la kulipwa lina historia yake. Zamani mashindano makubwa yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa tu, na aliyepokea fedha alifungiwa mlango. Mfaransa Suzanne Lenglen, aliyekuwa ameshinda Wimbledon mara 6 akicheza peke yake, alikubali mwaka wa 1926 kulipwa dola 50,000 ili azunguke Marekani akionyesha mchezo. Tangu siku hiyo hakuruhusiwa tena kucheza Wimbledon. Kwa maoni yangu waliomfungia walikuwa wakitumia jasho lake bure, kwa kuwa tiketi za kumtazama zilikuwa zikiuzwa wakati wote huo. Mlango ulifunguliwa mwaka wa 1968. Hata hapo, Billie Jean King wa Marekani aliposhinda Wimbledon mwaka huo alilipwa pauni 750, na mwanamume aliyeshinda alilipwa 2,000. Mwaka wa 1973 wanawake waliunda chama chao, WTA, na hiki ndicho kinachosimamia kazi hiyo hata leo na kuwapanga wachezaji kwa pointi.

Sasa tutazame ngazi yenyewe. Chini kabisa kuna mashindano madogo yaitwayo W15, kwa sababu fedha zake zote ni dola 15,000. Fedha hizo hugawanywa kwa wachezaji wote walioingia, si kwa mshindi peke yake. Mshindi hupata dola elfu mbili na kitu. Aliyetolewa siku ya kwanza hupata dola mia na kitu, wala hapati pointi hata moja. Mashindano hayo huchezwa mara nyingi katika mji wa Monastir, Tunisia. Msichana wa Nairobi, au wa Bukoba kama angekuwapo, atalipa ndege, chumba na chakula kutoka mfukoni mwake, na akishindwa mchezo wa kwanza amekula hasara. Mshindi wa W15 tangu mwaka wa 2024 hupata pointi 15, lakini anayeshinda moja la yale manne makubwa hupata 2,000. Ni kama mbuni huku kwetu Kamachumu: unapalilia miaka kadhaa kabla hujaona kahawa. Tofauti ni kwamba mbuni haukudai nauli ya ndege.

Kwa kuijua ngazi hiyo ndipo nilipoelewa alichofanya Okutoyi. Mwezi Januari 2023 alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, katika jimbo la Alabama, Marekani, akawa mwanafunzi na mchezaji wa timu ya chuo. Vyuo vya Marekani huwapa wachezaji hodari ufadhili, pamoja na walimu wa mchezo na safari za mashindano. Walikuwapo waliosema amepoteza wakati, kwamba angeufuata ulimwengu wa kulipwa moja kwa moja, joto la Wimbledon lisipoe. Nami nasema hao hawakupiga hesabu ya nauli.

Lakini nisifiche upande wa pili. Yule Victoria Mboko niliyeomba mkumbuke, ambaye wazazi wake walitoka Kongo, hakupita chuoni. Siku ya fainali ile alikuwa na miaka 15 tu. Alipanda ngazi ya kulipwa, na mwezi Agosti 2025 alishinda mashindano makubwa ya Montreal kwa kumshinda Naomi Osaka wa Japani, 2-6, 6-4, 6-1. Alilipwa zaidi ya dola 700,000. Ni kweli kwamba Kanada ina viwanja vya ndani vya kuchezea hata theluji ikianguka, na chama chenye uwezo wa kumlipia kijana safari. Kwa upande mwingine, Ons Jabeur wa Tunisia alishinda taji la vijana la Ufaransa mwaka wa 2011, akafika fainali yake ya kwanza ya Wimbledon ya wakubwa mwaka wa 2022, yaani baada ya miaka 11. Na huko Burundi, jirani zetu kabisa, yuko Sada Nahimana, aliyezaliwa Bujumbura mwaka wa 2001, naye ameipanda ngazi hiyohiyo ya kulipwa.

Okutoyi hakuiacha Kenya alipokuwa chuoni. Mwezi Machi 2024 alikwenda Accra, Ghana, kwenye Michezo ya Afrika, akamshinda Mmisri 6-4, 6-2 katika fainali na kupata medali ya dhahabu. Kenya ilikuwa haijapata dhahabu ya tenisi katika michezo hiyo tangu mwaka wa 1978 huko Algiers. Ushindi huo ulimfungulia njia ya kwenda Olimpiki ya Paris, ila kwa sharti moja: awe miongoni mwa wachezaji 400 bora wa dunia ilipofika mwezi Juni. Alikuwa na wiki chache tu za kutafuta pointi katika mashindano madogo kama yale niliyoyaeleza, na namba 400 hakuifikia. Tenisi ya Olimpiki hiyo ilichezwa Roland Garros, mahali ambapo kiwanja cha pili kwa ukubwa kina jina la Suzanne Lenglen, na Mkenya hakuwamo.