Namba ya Siri, Siri ya Nani?

Kabla hatujaenda mbali, tufanye jaribio dogo. Chukua karatasi uandike namba nne: mwaka aliozaliwa mpenzi wako, tarehe na mwezi wa harusi yenu (kama bado, basi siku mlipoanza uhusiano), mwaka aliozaliwa mtoto wenu wa kwanza, na tarakimu nne za mwisho za namba yake ya simu. Sasa niambie kwa moyo mweupe, hakuna hata moja kati ya hizo inayofungua simu yako? Hakuna inayotoa pesa kwenye laini yako?

Kama umecheka, hauko peke yako. Swali hili nimewauliza marafiki zangu hapa Moro, mji kasoro bahari, wakiwemo wasomi wa Mzumbe na SUA, na wengi walicheka hivyo hivyo. Dada mmoja alinijibu bila kupepesa macho: "Si ndiyo mapenzi yenyewe?"

Ni kweli inapendeza kumkumbuka umpendaye kila unapogusa simu. Tatizo ni kwamba tarehe zako za mapenzi hazijawahi kuwa siri. Tarehe ya harusi yako ilichapwa kwenye kadi za mchango, ikatangazwa kwenye grupu la kamati, ikaandikwa kwenye keki na fulana za kamati ya maandalizi. Siku ya kuzaliwa ya mtoto, nusu ya mtaa walikula ubwabwa. Shemeji anaijua, dada wa kazi anaijua, fundi simu aliyeona picha zako mtandaoni anaijua pia.

Hesabu zinasemaje?

Namba ya tarakimu nne inaweza kupangwa kwa njia 10,000. Ukichagua tarehe na mwezi, umebakiza njia 366 tu. Ukichagua mwaka wa kuzaliwa wa mtu aliye hai, hazifiki hata 130. Kwa anayekufahamu ni mbili tatu, basi.

Mwaka 2012 mchambuzi wa takwimu Nick Berry alipitia namba za siri za tarakimu nne milioni 3.4 zilizokuwa zimevuja. Namba 1234 peke yake ilibeba karibu asilimia 11. Iliyofuata ilikuwa 1111, asilimia 6, kisha 0000, karibu asilimia 2. Namba 20 zinazopendwa kuliko zote zilichukua zaidi ya robo ya jumla. Kwa maana hiyo, mwizi mwenye orodha ya namba 20 tu kichwani angepata zaidi ya mtu mmoja katika kila wanne.

Unajua hata hizo tarakimu nne zilitokana na mambo ya mke na mume? John Shepherd-Barron, aliyebuni mashine ya kutolea fedha ya benki ya Barclays iliyozinduliwa Enfield, London, tarehe 27 Juni 1967, alisimulia kwamba alikusudia kutumia tarakimu sita. Mkewe Caroline akamwambia, wakiwa jikoni, kwamba yeye anaweza kukumbuka nne tu. Ikawa nne, na dunia ikafuata. Kwa heshima zote kwa mama huyo, kwenye simu ya leo rudi kwenye sita: njia zinakuwa 1,000,000.

Simu moja, milango mitatu

Hapa ndipo wengi tunapochanganya mambo. Simu yako ina namba tatu tofauti, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni ya kufungua simu yenyewe. Inalinda picha, meseji na kila kilichomo ndani. Ya pili ni ya laini. Ya tatu ni ya pesa: M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa, au Mixx by Yas, ile tuliyoizoea kama Tigo Pesa.

Ya kwanza na ya tatu watu wanazijua. Ya pili imesahaulika kabisa. Sasa fikiria uko Msamvu jioni ya Ijumaa, abiria wa Dodoma, Iringa na Mbeya wamejazana, begi huku, mtoto kule. Simu inachomolewa. Unajipa moyo: "Aah, ina loki, atahangaika nayo." Mwizi mwenyewe wala hahangaiki. Anatoa laini, anaitumbukiza kwenye kiswaswadu chake, na kuanzia dakika hiyo yeye ndiye wewe. Anayepiga anampata yeye. Tarakimu za uthibitisho ambazo WhatsApp au barua pepe hutuma kwa meseji zinaingia kwake. Anaweza kuwaandikia ndugu zako kwa namba yako halisi kuwa umepata ajali na unahitaji laki mbili haraka. Zile meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii" tunazicheka kwa sababu zinatoka namba ngeni. Ikitoka namba yako, mama yako atacheka?

Dawa yake ni namba ya siri ya laini. Ukiiwasha, kila simu inapozimwa na kuwashwa, au laini inapohamishiwa simu nyingine, itaulizwa namba hiyo kwanza. Haikusumbui mchana kutwa. Inakaa kimya mpaka siku ya siku.

Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya usalama, utafute mahali pa kufunga laini. Utaulizwa namba iliyokuja na laini, kisha uibadilishe iwe yako, kati ya tarakimu nne na nane. Angalizo: usibahatishe! Ukikosea mara tatu laini inajifunga na kudai namba ndefu ya tarakimu nane iitwayo PUK. Ukikosea hiyo mara kumi, laini imekufa moja kwa moja. PUK huwa kwenye kile kikadi cha plastiki ulichomegewa laini. Kama ulikitupa, pigia huduma kwa wateja 100 kabla hujaanza.

Namba inayotoka mfukoni

"Sasa nichague namba gani nisiyoisahau?" Jaribu hii. Toa noti yoyote kwenye pochi, soma tarakimu sita za mwisho za namba yake, kisha nenda kanunue nazi na noti hiyo hiyo. Namba umebaki nayo wewe, noti imeondoka. Haina uhusiano na mpenzi, mtoto wala kabila lako. Iandike kwenye simu mara kumi leo, mara kumi kesho, na kesho kutwa vidole vitaikumbuka vyenyewe. Kwa ya pesa na ya laini tafuta noti nyingine, maana mlango mmoja ukivunjwa mingine isifunguke.

Wale wa kuunganisha vitone tisa, mnajiona wajanja? Kioo chenye alama za vidole kikiinamishwa kwenye mwanga huonyesha mchoro wako kama ramani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walilionyesha hilo tangu mwaka 2010. Na alama ya kidole ni nzuri na ya haraka, ila kumbuka kidole cha mtu aliyelala fofofo bado ni kidole.

Huko mlimani

Usidhani haya ni ya watu wa mjini tu. Panda Mgeta, kwenye kabichi, karoti na njegere, au Kinole kwenye ndizi na viungo. Mkulima siku hizi anaweza kupakia mzigo asubuhi na kulipwa kwa simu kabla gari halijashuka Uluguru. Na mama zetu walioko huko tunawatumia pesa za matumizi kwa njia hiyo hiyo. Sasa jiulize, namba ya siri ya mama anaijua nani? Mjukuu, jirani, na wakala ambaye kila mara anaambiwa: "Mwanangu, nibonyezee, macho hayaoni."

Wakala hatakiwi kuijua namba ya mteja, hata awe mwaminifu vipi. Ukienda likizo, keti na mama mkekani, mchagulie namba kwa ile njia ya noti, na umwache abonyeze mwenyewe mpaka azoee. Ni zawadi nzuri kuliko kitenge.

"Kama hunifichi kitu, nipe namba"

Haya, tumefika penye moto. Kwenye uhusiano namba ya siri imegeuzwa mtihani wa mapenzi. Akikunyima, ana nyumba ndogo. Akikupa, ni malaika. Mimi naona tunapima kitu kisichopimika kwa namba. Mwenye nyumba ndogo anaweza kununua simu ya pili akaiacha ofisini, huku ya kwanza ameiweka mezani wazi kama sahani ya kachumbari.

Halafu kwenye simu ya mwenzako hamumo ninyi wawili tu. Mna rafiki yake aliyemwandikia habari za mimba iliyoharibika, mdogo wake anayedaiwa, mgonjwa wake kama ni nesi. Hao hawakukupa ruhusa. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inampa kila mtu hifadhi ya mawasiliano yake binafsi, na haisemi hifadhi hiyo inakoma siku ya ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inasema kufunga ndoa peke yake hakubadilishi umiliki wa mali ya mke wala ya mume. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia kwa makusudi na bila idhini kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu mwingine.

Waluguru wanalielewa hili kuliko wengi. Kwao ukoo hufuata kwa mama, na mashamba yamerithiwa upande huo vizazi kwa vizazi. Mume aliyeoa huko alijua kuna cha mke na ukoo wake, na ndoa ikadumu.

Simaanishi muishi kama wapangaji. Pesa ya nyumba iwekeni kwenye akaunti ya pamoja, kila mtu aione. Jazeni taarifa za dharura kwenye simu, zile zinazosomeka bila kuifungua, ili mmoja akipata ajali Mikese msamaria ajue ampigie nani. Namba za PUK ziwekeni kwenye bahasha kabatini. Mkiamua kupeana namba za kufungua simu, sawa, ila iwe kwa hiari ya wote wawili, na ya pesa ibaki ya mwenye laini.

Na kama kukaguliwa simu kunaambatana na vitisho au kipigo, hapo hatuzungumzii wivu tena. Ni ukatili, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto kwa ajili hiyo. Umeachana na mtu? Badilisha namba zote tatu siku hiyo hiyo, kisha ingia WhatsApp uangalie vifaa vilivyounganishwa.

Vya kukumbuka haraka

• Tarakimu sita kwa simu. Namba tofauti kwa laini na kwa pesa.

• Epuka 1234, 1111, 2580 (imeshuka mstari wa katikati!), miaka na tarehe.

• Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp.

• Bonyeza *#06# uandike pembeni namba ya utambulisho wa simu, na *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

• Ukiibiwa: azima simu, piga 100 laini ifungwe, kisha polisi, kisha urudishiwe laini kwa alama ya kidole.

• Meseji za matapeli zitume 15040.

Leo usiku baada ya chakula, kaeni kwenye kochi mgongo kwa mgongo, kila mmoja na simu yake na noti yake. Dakika kumi zinatosha. Mkimaliza geukeni, muendelee na mengine. Kazi kwenu!