Rangi ya Mafuta Haikaushi Ukuta

Kila masika swali ni lile lile: "Injinia, ukuta wa sebuleni unabanduka rangi kwa chini, nipake rangi gani?" Hakuna. Anayekujibu kwa kukutajia aina ya rangi anafanya biashara ya rangi.

Jibu linalozunguka mitaani, Dar es Salaam hadi Mombasa, ni rangi ya mafuta: piga mikono mitatu, ukuta utaziba. Kweli unaziba, na balaa linaanzia hapo. Tofali la simenti limejaa vitundu vyembamba vinavyonyonya maji ya ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Kama juu ya msingi hapakulazwa ile nailoni nzito ya kuzuia unyevu, maji hupanda, mara nyingi hadi karibu mita moja. Ukuta ukiwa wazi, hufika usoni yakakaukia hewani. Ukishauvika ngozi ya mafuta yanakosa pa kutokea, basi yanazidi kupanda. Ndiyo maana doa lililokuwa usawa wa goti unalikuta mwakani usawa wa kiuno, juu kidogo ya pale ulipoishia kupaka. Kisha unamlaumu fundi kwamba hakupiga msasa vizuri!

Maji hayo hubeba chumvi za ardhini. Huku Pwani kuna nyumba zilizopigwa lipu kwa mchanga wa baharini, kwa hiyo chumvi nyingine imo humo humo. Maji yakikauka, chumvi huganda kuwa fuwele. Zikikua nyuma ya rangi huisukuma ikavimba. Zikikua ndani ya lipu huivunja ikawa unga. Ule utando mweupe kama pamba unaoota ukutani ndio watu wanaouita fangasi, halafu wanaununulia dawa ya fangasi. Jamani! Kwangua kidogo, tia kwenye glasi ya maji. Ukiyeyuka, ni chumvi, na hakuna dawa ya kuua chumvi. Ukungu, yaani fangasi wenyewe, hauyeyuki, mara nyingi ni mweusi au wa kijani, hunuka, na hupenda kona za juu na nyuma ya kabati.

Vigae vya ukutani ni kosa lile lile kwa bei kubwa zaidi. Na wenye nyumba za mawe na chokaa, Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, tafadhali msikubali kupigiwa lipu ya simenti. Kuta zile hukauka kwa kupitisha unyevu kwenye chokaa. Simenti inaufungia ndani.

Haya, la kufanya. Usiku funga mabomba yote, soma mita ya maji, isome tena asubuhi; ikiwa imesogea, una bomba linalovuja. Bandika kipande cha nailoni ukutani, kingo zote zizibwe kwa utepe wa gundi, ukiache siku mbili: matone yakiwa upande wa chumbani ni mvuke wa ndani, fungua madirisha, yakiwa upande wa ukuta, unyevu unatoka ukutani. Nenda nje: udongo au sakafu ya uani iwe angalau sentimita 15 chini ya ile nailoni ya msingi; ikiwa juu zaidi ya hapo, chimba uishushe. Maji ya paa yapelekwe mbali. Kama nailoni haikuwekwa, ipo krimu ya silikoni inayodungwa kwenye matundu yanayotobolewa kwa mstari chini ya ukuta; hiyo mwachie anayeijua. Zima swichi kuu, vaa miwani na barakoa, ubandue lipu yote mbovu na sentimita 30 zaidi juu ya alama ya unyevu, kwa sababu chumvi inayobaki huvuta unyevu hata wa hewani. Kisha ngoja. Kipimo cha mafundi ni mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, yaani tofali la inchi 6 ni kama miezi sita. Ndiyo, sita. Lipu mpya: simenti moja, chokaa moja, mchanga safi wa mtoni sita. Iache wiki nne, ndipo upake rangi ya maji.

Fundi akifika na ndoo ya rangi kabla hajauliza maji yanatoka wapi, mpe nauli arudi kwake.