Reale za Urithi: Tuzipimeje Kabla ya Kuziuza au Kuzinunua Mtandaoni?

Juma hili twaelekea bara, Kitui na Makueni, ambako jamaa zetu wengi wana maskani na maduka. Katika makundi ya simu huzungushwa picha za sarafu za fedha zisizo na cheti cha mkaguzi yeyote, kila moja ikiitwa adimu. Anayenunua kwa pupa hupoteza akiba yake. Naye anayeuza bila kujua thamani huenda akawapunja mayatima na warithi wenzake.

Kuwepo kwa sarafu hizo bara si jambo la kustaajabisha. Mwaka 1849 mmisionari Krapf alifika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara maarufu wa Wakamba aliyepeleka pembe za ndovu Mombasa. Kibwezi, ambayo leo imo Makueni, ilikuwa kwenye njia ya misafara, kisha reli ikapita hapo. Palipopita biashara, na fedha ilipita.

Tuanze na reale ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Wengi huona mwaka 1780 juu yake wakadhani wameshika kitu cha miaka zaidi ya mia mbili. Sivyo. Malkia alifariki mwaka huohuo, na sarafu ikaendelea kupigwa kwa tarehe ileile katika Vienna, London, Rome, Bombay na kwingineko hadi karne ya 20. Basi tarehe peke yake haithibitishi uadimu. Reale ya kweli ina uzani wa gramu 28.07, upana wa milimita 40 hivi, na maneno ya Kilatini yaliyoinuka kwenye ukingo. Ukingo ukiwa mtupu, au ukiwa na mstari wa kiungo kama wa kitu kilichomiminwa kalibuni, tujihadhari.

Rupia ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ina jina la Mombasa, mwaka 1888 na herufi H ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham. Uzani wake ni gramu 11.66. Ama shilingi za simba za mkoloni zilizopigwa kabla ya 1948, hizo zina robo tu ya fedha. Asitokee mtu akatuuzia kwa bei ya fedha safi.

Picha moja haitoshi kuhukumu. Tumwombe muuzaji picha za pande zote mbili na za ukingo, kisha video sarafu ikigeuzwa polepole chini ya mwanga wa ubavuni, na picha nyingine ikiwa juu ya mizani. Tutazame sehemu zilizoinuka, kama nywele na shavu la malkia, kwani ndizo huchakaa kwanza. Mng'ao mkali juu ya sura iliyochakaa ni dalili ya kusuguliwa. Tutafute pia tundu lililozibwa au alama ya kulehemu, maana nyingi zilifanywa mapambo ya shingoni. Kasoro hizo hazifanyi sarafu kuwa bandia, lakini hushusha bei, na muuzaji mwaminifu huzitaja.

Ikishafika mkononi, kuna vipimo viwili vyepesi. Sumaku haivuti fedha; lakini haivuti shaba pia, kwa hiyo kipimo hiki hakitoshi. Tufunge sarafu kwa uzi, tuipime kavu, kisha tuipime ikining'inia ndani ya maji. Reale ya kweli hupungua gramu 2.75 hivi, ya shaba nyeupe au ya manjano hupungua zaidi ya gramu 3. Tusiisugue kwa ndimu, majivu wala dawa ya meno, kwani weusi wa miaka mingi ni sehemu ya thamani yake.

Yako mambo ya sheria pia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makumbusho na turathi huhesabu kuwa kitu cha kale chochote kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Ni vyema kuuliza Makumbusho ya Taifa kabla ya kuuza sarafu ya namna hiyo au kuituma ng'ambo. Na katika fiqhi, wanazuoni wengi hushurutisha kwamba fedha inunuliwapo kwa pesa, makabidhiano yawe mkono kwa mkono. Kutuma malipo kwa simu leo na kungoja sarafu juma lijalo kuna shaka ya kidini, na kuna hatari ya kutapeliwa. Kukutana ana kwa ana, mizani ikiwa mezani, huondoa yote mawili. Na penye utata aulizwe sheikh.

Mwisho, akina mama mliowekewa sanduku na wazee wenu: pimeni kila sarafu, andikeni uzani na hali yake, pigeni picha, na muwaonyeshe warithi wote kabla ya yeyote kutaja bei. Kasoro ikijulikana isifichwe. Kuficha aibu ya bidhaa ni ghushi, hata kama mnunuzi yuko mbali na hatamwona muuzaji maishani.