Fahamu: Kwa nini visigino hupasuka, na utunze vipi magaga

Ngozi ya unyayo haina tezi za mafuta. Unyevu wake hutegemea zaidi jasho, ndiyo maana hukauka upesi kuliko ngozi ya mkono au uso. Ukisimama siku nzima sokoni au jikoni, hasa kwa kandambili zilizo wazi nyuma, uzito wa mwili hukitanua kisigino pembeni. Ngozi hujikinga kwa kuwa nene, na pembezoni hutokea ukingo mgumu wa rangi ya manjano. Ukingo huo haunyumbuki, hivyo ukikanyaga, unachanika.

Maji ya moto na sabuni kali huzidisha ukavu. Fangasi, pumu ya ngozi na kisukari pia huleta magaga.

Loweka miguu katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hivi, sugua taratibu kwa jiwe la miguu, kisha kausha vizuri, hasa katikati ya vidole. Ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, paka mafuta ya mgando visiginoni na uvae soksi za pamba usiku kucha. Krimu yenye yurea hulainisha ngozi nene vizuri zaidi. Wembe usiutumie kabisa! Ni njia ya mkato inayoleta vidonda.

Mwenye kisukari asiloweke wala kujisugua mwenyewe, kwa kuwa huenda asihisi jeraha. Ukiona damu, usaha, uvimbe au maumivu yanayozidi, nenda kituo cha afya mapema.